Kumnyonyesha Kichanga Bila Maumivu: Mwongozo Kamili wa Wiki za Mwanzo

Mzazi akisema chuchu zinamuuma, wengi wanamjibu kwamba avumilie, ndiyo uzazi huo, zitazoea. Jibu hilo limewafanya akina mama wengi wakimbilie chupa hata arobaini haijafika. Chuchu kuwa nyeti kidogo siku za mwanzo ni kawaida, na maumivu ya sekunde chache mtoto anapoanza kuvuta yanaweza kuwepo. Lakini maumivu yanayoendelea wakati wote wa kunyonyesha, chuchu kupasuka na kutoa damu, hofu ya kumsikia mtoto akilia kwa sababu unajua atakuja kukuuma tena, hayo hayatakiwi kuvumiliwa. Mara nyingi chanzo chake ni kimoja: mtoto hajalishika titi vizuri.

Na jambo hilohilo ndilo linalomfanya mtoto akae kwenye titi saa nzima na bado awe na njaa, ndilo linaloyafanya maziwa yapungue, na ndilo linaloanzisha uvimbe. Kwa hiyo hapa nitazungumza sana kuhusu kumweka mtoto kwenye titi. Ukilipata hilo, mengi ya mbele yatakuwa mepesi.

Kabla hujajifungua

Maandalizi ni machache. Huna haja ya kuzisugua chuchu kwa taulo wala kuzivuta ili "ziwe ngumu", zitachubuka bure. Oga kama kawaida. Kinachofaa kufanywa mapema ni mazungumzo. Kaa na mwenzako, mama yako au mama mkwe, yeyote atakayekuwa nawe ndani, mkubaliane kwamba mtoto hatapewa kitu kingine kinywani zaidi ya maziwa yako kwa miezi 6. Kulisema hili tumbo likiwa bado kubwa ni rahisi. Kulisema saa nane usiku, mtoto analia, wewe una mshono na bibi ameshashika kikombe cha maji, ni kazi nyingine.

Mweleze kwa heshima na umpe kazi: "Mama, kliniki wametuambia mtoto asipewe hata maji mpaka atimize miezi sita. Naomba wewe unisaidie kumcheulisha na kumwogesha, na mimi unipikie uji." Bibi aliyepewa nafasi yake huwa mlinzi mkubwa wa kunyonyesha kuliko nesi yeyote.

Saa ya kwanza

Mtoto akizaliwa salama, akaushwe, awekwe kifuani kwako akiwa uchi, ngozi kwa ngozi, kisha mfunikwe wote wawili kwa khanga au kitenge kikavu, naye avalishwe kofia. Usiharakishe. Atatulia, atafungua macho, ataanza kulamba, kupeleka mkono mdomoni, kisha atajisogeza taratibu kuelekea kwenye titi. Watoto wengi wakiachwa hivyo hulipata titi ndani ya saa moja, na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF wanashauri kunyonyesha kuanze ndani ya muda huo. Mwombe mkunga wako mapema, hata kabla uchungu haujakolea, kwamba kama hali inaruhusu mtoto apimwe uzito baadaye.

Aliyejifungua kwa upasuaji naye anaweza. Kama ulichomwa ganzi ya mgongo, uko macho. Mtoto anaweza kuletwa shavuni na kifuani mapema, na akanyonya mara utakapotolewa chumba cha upasuaji. Kama ulipewa nusu kaputi, ataanza ukishazinduka na kuweza kumshika. Utahitaji mtu wa kumshikilia mtoto. Usione haya kuomba.

Dang'a, na kwa nini kidogo kinatosha

Maziwa ya siku mbili tatu za mwanzo ni mazito, ya njano, na hutoka kwa matone. Hayo ndiyo maziwa ya dang'a. Kuna familia ambazo bado huyakamua na kuyamwaga wakiamini ni machafu au yamekaa sana titini. Ni hasara kubwa. Dang'a imejaa kinga dhidi ya magonjwa na vitamini A, na humsaidia mtoto kutoa kile choo cha kwanza cheusi kinachonata.

Uchache wake ndio unaowatia watu hofu. Tumbo la mtoto wa siku moja linachukua takriban mililita 5 hadi 7 kwa mara moja, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Matone yale yanamtosha kabisa, mradi anyonye mara kwa mara. Kati ya siku ya 2 na ya 4 matiti huanza kujaa na maziwa hubadilika kuwa meupe. Kwa mama aliyefanyiwa upasuaji, aliyetokwa damu nyingi au mwenye kisukari, yanaweza kuchelewa kidogo. Dawa yake ni kuzidisha kumweka mtoto kwenye titi, na nesi amfuatilie uzito kwa karibu.

Maji je, hasa Tanga au Dar es Salaam mwezi wa Februari? Hapana. Zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji. Mtoto akiwa na kiu, mnyonyeshe. Maji, glukosi, dawa za tumbo za chupa zinazouzwa madukani na uji mwepesi vyote vinajaza lile tumbo dogo, vinampunguzia hamu ya titi na vinaweza kumletea kuhara. Asali ni mbaya zaidi: inaweza kubeba vijidudu vinavyopoozesha misuli ya mtoto mchanga, na hairuhusiwi kabisa kabla ya mwaka 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania watoto 64 kati ya 100 walio chini ya miezi 6 walikuwa wakipewa maziwa ya mama peke yake. Usiiharibu ratiba kwa kijiko kimoja cha "kumtuliza tu".

Kumweka mtoto kwenye titi

Hapa tusome polepole.

Anza na wewe mwenyewe. Kaa mahali penye kuegemea: kiti chenye mgongo, au kitandani ukiwa umeegemea ukuta na mto nyuma ya kiuno. Kama miguu inaning'inia, weka kigoda au ndoo iliyopinduliwa uikanyage. Tandika mto au khanga zilizokunjwa mapajani ili mtoto afikie usawa wa titi. Mama anayeinama kumfuata mtoto ataumwa mgongo siku ya pili, na titi litakuwa linamponyoka mtoto kila dakika.

Sasa mtoto. Mgeuze mwili mzima akuelekee, tumbo lake liguse tumbo lako. Sikio, bega na nyonga viwe katika mstari mmoja. Jaribu kumeza maji ukiwa umegeuza shingo begani utaelewa kwa nini. Mwili wake wote ushikiliwe, siyo kichwa na mabega tu. Pua yake iwe mkabala na chuchu. Wengi huweka mdomo mkabala na chuchu, na hapo ndipo kosa huanzia, maana mtoto atalazimika kuinamisha kidevu, na mdomo haufunguki vizuri kidevu kikiwa kimebanwa kifuani.

Kwa kichanga, mkao ulio rahisi kuudhibiti ni huu: ukitaka anyonye titi la kushoto, mpakate kwa mkono wa kulia. Mgongo wake ulale juu ya mkono wako, kiganja kishike pale shingo inapokutana na mabega, kidole gumba nyuma ya sikio moja na vidole vingine nyuma ya sikio la pili. Kisogo kibaki huru ili aweze kurudisha kichwa nyuma kidogo. Usimsukume kisogoni, mtoto akisukumwa kichwa hukikaza na kujirudisha nyuma, na watu husema analikataa titi.

Mkono wa kushoto ushike titi kwa umbo la herufi C, gumba juu na vidole vinne chini, mbali na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Acha ile namna ya kulibana titi katikati ya vidole viwili kama mkasi. Vidole huziba mahali mdomo wa mtoto unapotakiwa kufika.

Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu. Ngoja. Atalamba, atafungua kidogo, atafunga. Ngoja tena. Anapofungua kinywa wazi kabisa, kama anayepiga mwayo, mlete haraka kwenye titi, kidevu kitangulie, chuchu ikielekea juu kwenye kaakaa. Mlete mtoto kwenye titi, usilisukume titi kumfuata mtoto.

Sasa angalia. Kinywa kiko wazi sana. Mdomo wa chini umebinukia nje. Kidevu kimezama kwenye titi. Ule weusi unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mashavu yamejaa, hayabonyei. Ataanza na mivuto ya haraka haraka, kisha maziwa yakishuka atavuta taratibu na kwa kina, atatua kidogo, utasikia akimeza. Husikii sauti ya kubusu wala ya kugongesha ulimi. Na wewe unahisi kuvutwa, lakini huumii.

Ukiumia baada ya nusu dakika hivi, mtoe uanze upya. Usimchomoe. Ingiza kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa mdomo wake mpaka hewa ipite, ataachia mwenyewe. Itazame chuchu inapotoka: ikiwa ya mviringo kama ilivyoingia, alishika vizuri, ikitoka imebapa, imechongoka upande mmoja au imegeuka nyeupe, alikuwa ananing'inia kwenye chuchu tu. Rudia hata mara tano kwa mlo mmoja. Ndani ya siku chache wewe na mwanao mtakuwa mmezoeana.

Wenye chuchu fupi au zilizoingia ndani msikate tamaa. Mtoto hanyonyi chuchu; ananyonya titi. Akilijaza kinywani vizuri, chuchu nyingi hujitokeza zenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Kamua kidogo kabla ili titi lilainike.

Mikao mingine

Aliyepasuliwa hataki mtu juu ya mshono. Mweke mtoto ubavuni, miguu yake ipite chini ya kwapa lako kuelekea nyuma, kichwa kikiwa kwenye kiganja chako mbele ya titi. Mkao huu wa kwapani unawafaa pia wenye matiti makubwa, wenye vichanga wadogo sana, na wenye mapacha wanaotaka kunyonyesha wote kwa pamoja.

Usiku, au mwili ukiwa umechoka, lala ubavu, mtoto alale ubavu akikutazama, pua usawa wa chuchu. Kitanda kiwe na godoro gumu kiasi, mito na mablanketi mazito yawe mbali naye. Kwenye kochi usilale naye kabisa, wala kitandani kama yeyote kati yenu amekunywa pombe au amekunywa dawa za usingizi. Na kama maziwa yako yanatoka kwa kasi hadi mtoto anapaliwa, egemea nyuma kabisa na umlaze juu ya kifua chako, anyonye akiwa juu.

Mara ngapi?

Mara 8 hadi 12 kwa saa 24, mchana na usiku. Usingoje kilio. Mtoto anayegeuza kichwa huku na huku, anayechezesha ulimi, anayeleta ngumi mdomoni, ameshasema ana njaa. Akifika kulia amechelewa, na mtoto anayelia ni vigumu kumweka vizuri; mtulize kwanza kifuani, ngozi kwa ngozi.

Siku za mwanzo wengine hulala mno. Zikipita saa 3 bila kunyonya, mwamshe: mvue nguo, mbadilishe nepi, mpapase nyayo na mgongo. Hasa akiwa mdogo kwa uzito au macho yameanza kuwa ya njano, usimwache alale kwa sababu tu "ametulia."

Saa ya ukutani haisaidii kitu. Mwache amalize titi la kwanza mpaka aachie mwenyewe, kwa sababu maziwa ya mwisho yana mafuta zaidi. Kisha mcheulishe na umpe la pili. Akilikataa, ataanza nalo mlo ujao. Jioni nyingi atataka kunyonya karibu mfululizo kwa saa mbili tatu, na karibu na wiki ya 2 au ya 3, kisha ya 6, atakuwa na siku za kunyonya kupita kawaida. Hiyo ni namna yake ya kuagiza maziwa zaidi. Usiku usiuruke: homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi anaponyonya usiku.

Utajuaje anashiba

Huwezi kuona amekunywa kiasi gani, lakini unaona kinachotoka. Siku ya 1 akojoe angalau mara 1, siku ya 2 mara 2, siku ya 3 mara 3. Kuanzia siku ya 5 au 6 ziwe nepi 6 zilizolowa au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe usio na harufu kali. Anayetumia pampasi apime uzito wake mkononi, au aweke kipande cha kitambaa ndani, maana pampasi huficha. Choo nacho hutoka kwenye weusi, kinapita ukijani, na kufikia siku ya 5 kiwe cha njano na laini.

Uzito ndio shahidi wa mwisho. Vichanga hupungua siku za mwanzo, mara nyingi hadi asilimia 7. Ikifika 10 lazima mtaalamu aangalie namna anavyonyonya. Anatakiwa awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa akifikisha wiki 2, kisha aongezeke takriban gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Kwa hiyo hudhurio la siku ya 7 kliniki lisikose, na kadi yake uisome mwenyewe.

"Maziwa yangu hayatoshi"

Hii ndiyo sentensi inayoleta makopo ya maziwa ya unga nyumbani, na mara nyingi inasemwa na mama mwenye maziwa ya kutosha. Mtoto kulia siyo ushahidi. Matiti kuwa laini baada ya wiki kadhaa siyo ushahidi, yamezoea tu. Kukamua ukapata kidogo nako siyo ushahidi, kwani mtoto huvuta vizuri kuliko mkono. Ushahidi ni nepi na mizani.

Titi hufanya kazi kama duka la mtaani: kinachonunuliwa ndicho kinacholetwa tena. Kila chupa unayompa ni mlo ambao titi halikuagizwa, na kesho litatengeneza pungufu kuliko jana. Ikiwa nepi na mizani zimethibitisha upungufu, fanya haya kwa siku mbili tatu mfululizo: hakikisha anashika titi vizuri, mnyonyeshe kila baada ya saa 2, mpe matiti yote mawili kila mara, likande titi taratibu kwa kiganja anapopunguza kuvuta, kamua baada ya kunyonyesha, na shinda naye kifuani ngozi kwa ngozi. Kazi za ndani wafanye wengine. Asipoongezeka uzito hata hivyo, nenda ukaonwe. Wapo mama wachache ambao kweli maziwa yao hayatoshi kwa sababu za kiafya, nao wanastahili msaada, siyo lawama.

Kuhusu chakula, nitasema wazi: hakuna chakula kinachozalisha maziwa peke yake. Mtori, supu ya kuku, uji wa ulezi, vina kazi kubwa, kwa kuwa mama anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, na mzazi anayeletewa bakuli la moto anapumzika na anatulia, na mama akitulia maziwa hushuka vizuri. Ongeza maharage, dagaa, mayai, mboga za majani, matunda. Kunywa maji kila unapohisi kiu. Pombe, iwe bia au ya kienyeji, haiongezi maziwa. Inazuia kushuka kwake na inapita kwa mtoto. Vidonge vya kuongeza maziwa visinunuliwe bila daktari.

Na lile la kubemenda mtoto, kwamba baba na mama wakikutana kimwili maziwa yanaharibika: hayaharibiki. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuachishwa ziwa mapema kwa hofu hiyo, au mimba nyingine ya haraka. Kunyonyesha peke yake hukinga mimba ikiwa mambo matatu yapo pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya tu, mchana na usiku. Moja likikosekana, tafuta njia nyingine. Waambie kliniki unanyonyesha, maana vidonge vyenye homoni mbili vinaweza kupunguza maziwa, na zipo njia nyingi zisizoyagusa.

Yakitokea matatizo

Chuchu zikipasuka, rekebisha kwanza mshiko; mafuta bila mshiko hayaponyi. Anza na titi lenye nafuu, paka tone la maziwa yako mwenyewe baada ya kunyonyesha, acha zikauke kwa hewa. Usioshe kwa sabuni wala dawa ya kuulia vijidudu.

Matiti yakijaa hadi kuwa magumu na kung'aa, kati ya siku ya 3 na ya 5, mtoto hushindwa kuyashika. Bonyeza kwa ncha za vidole kuzunguka chuchu kwa dakika moja, au kamua kidogo, ule weusi ulainike, kisha mweke. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha maji baridi. Hapa niwaombe wanaowakanda wazazi: ukandaji wa mwili ni raha na heshima yetu, lakini matiti yaliyojaa msiyakande kwa maji ya moto sana wala kuyaminya kwa nguvu. Uvimbe unaongezeka, na wengine wameungua.

Sehemu ya titi ikiwa nyekundu, ya moto, inauma, na una homa, endelea kunyonyesha upande huo kama kawaida. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto, na kuacha ghafla kunaweza kuleta jipu. Kitambaa baridi, parasetamo, kulala. Isipopata nafuu ndani ya saa 24, nenda kituo cha afya; ukipewa antibayotiki, maliza dozi. Uvimbe unaobonyea kama una maji ndani ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Chuchu zinazowaka moto na mtoto ana utando mweupe mdomoni usiofutika: ni fangasi. Mtibiwe wote wawili kwa pamoja, la sivyo mtarudishiana.

Na mtoto anayeshindwa kunyonya asipelekwe kukatwa kimeo wala kung'olewa yanayoitwa meno ya plastiki. Vitu hivyo bado vinafanyika, na vimeacha watoto na damu isiyokatika, maambukizi na vifo. Hali ya kinywa chake ikaguliwe na mtaalamu wa afya.

Usisubiri kesho ukiona mojawapo ya haya: mtoto ameacha kunyonya au ananyonya kwa udhaifu, ni vigumu kumwamsha, ana joto la 37.5 au zaidi au amepoa kupita kawaida, anapumua kwa kasi au kifua kinabonyea, ana degedege, unjano umeonekana siku ya kwanza au umefika viganjani na nyayoni, utosi umebonyea, au hajakojoa kwa saa nyingi. Na wewe mama, ikiwa huzuni na kilio vimepita wiki mbili, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu leo. Huo ni ugonjwa na unatibika.

Mama anayeishi na VVU

Unaweza kunyonyesha. Kwa Tanzania na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ushauri ni kunywa dawa zako kila siku bila kukosa, kumpa mtoto dawa yake ya kinga kama ulivyoelekezwa, na kumpa maziwa ya mama tu kwa miezi 6, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na chakula. Kuchanganya titi na maziwa mengine au uji kabla ya miezi 6 ni hatari zaidi kuliko kunyonyesha pekee. Mtoto hupimwa kuanzia wiki ya 4 hadi 6. Tarehe hiyo isipite. Chuchu zikipasuka au titi likiota jipu, mwone mhudumu wako mara moja, uendelee kwa titi lingine.

Kukamua, na kurudi kazini

Jifunze kukamua kwa mkono hata kama huna mpango wa kwenda popote. Nawa mikono, chukua kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa. Weka gumba juu na kidole cha shahada chini, kama sentimita 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi na chuchu yenyewe isivutwe. Mwanzoni hakitoki kitu, endelea. Mtiririko ukipungua, zungusha vidole upande mwingine, halafu badili titi. Kazi yote ni dakika 20 hadi 30.

Maziwa hayo hukaa nje saa 4 ikiwa chumba hakizidi nyuzi 25. Kwenye joto la pwani yatumike mapema zaidi. Kwenye friji hukaa hadi siku 4, nyuma ndani, siyo mlangoni, na pale ambapo umeme unakatika ovyo usihesabu siku hizo. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, usiyachemshe. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, akiwa amekaa wima kiasi, kikombe kiguse mdomo wa chini, alambe na kumeza mwenyewe bila kumiminiwa. Kikombe huoshwa kirahisi kuliko chupa, na hakimfundishi kuvuta kwa namna nyingine itakayomharibia mshiko. Njia hii ndiyo inayotumika pia kwa njiti ambao hawajaweza kuvuta.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 Tanzania inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia. Andika barua kwa mwajiri kabla likizo haijaisha, ueleze saa unazozitaka: kuingia kwa kuchelewa, kutoka mapema, au kugawa mchana. Wiki mbili kabla ya kurudi, anza kukamua mara moja kila asubuhi baada ya mtoto kunyonya, na mwache anayebaki naye ajaribu kumnywesha kwa kikombe wewe ukiwa chumba cha pili. Siku ya kazi mnyonyeshe kabla ya kutoka, kamua kila baada ya saa 3 hivi, na ukirudi vua nguo za daladala, nawa, mpe titi kabla ya jambo jingine lolote.